Saguaro na Nyasi Zilizotoka Kwetu

Hamjambo nyote? Nawasalimu kutoka Tucson, Arizona, na leo nina neno hasa na ninyi wafugaji wa Kitui, Makueni na kule Turkana.

Ngoja nisogeze simu. Hii ndiyo saguaro, dungusi kakati (cactus) mkubwa wa jangwani. Porini huipati popote ila kwenye jangwa la Sonora: hapa Arizona, upande wa pili Meksiko, na kipande kidogo cha California. Ukiona imetoa mikono, jua imeshapita miaka 50, mara nyingi hata 75. Tazameni hii mikunjo ya ngozi. Mvua za Julai zikinyesha mmea unanywa maji, mikunjo inatanuka; kiangazi inajikunja tena. Na hilo tundu juu ni kazi ya kigong'ota. Jeraha likikauka, ndani panakuwa pagumu kama kibuyu, na ndege huyo akihama, bundi mdogo anaingia.

Wenyeji wa hapa, Watohono O'odham, huangua matunda yake mwezi Juni kwa upondo mrefu, wakapika shira na kutengeneza divai ya kuombea mvua. Kwao saguaro ni watu.

Sasa tazameni chini. Hizi nyasi mnazijua! Wakamba huziita ndata kivumbu, na Kiingereza ni buffelgrass. Kwetu ni malisho ya maana, watu wanazipanda kufufua ardhi iliyochakaa. Mbegu zililetwa Marekani kwa ajili ya ng'ombe na kuzuia mmomonyoko, na aina iliyoenea sana kuanzia miaka ya 1940 asili yake ni Turkana.

Hapa zimekuwa balaa, na inaniuma. Jangwa hili halikuzoea moto. Kati ya mmea na mmea palikuwa na udongo mtupu, kwa hiyo hata radi ikiwasha kichaka, moto ulikosa njia. Nyasi hizi zimeziba nafasi zote, zikikauka zinawaka kwa ukali, kisha zinachipua upya kutoka kwenye shina. Saguaro haichipui. Iliyoungua inaweza kusimama kijani kwa miaka kadhaa huku inakufa. Na mche wake, unaojificha chini ya kivuli cha mti wa palo verde, miaka 8 ya kwanza haufiki hata sentimita 4. Moto mmoja unafuta kizazi kizima.

Ndiyo maana mnaniona na mtaimbo. Watu wa kujitolea wanapanda vilima hivi kung'oa nyasi kwa mkono, shina moja moja. Unachimbua pembeni, unatikisa, unatoa mizizi yote, unafunga kwenye mfuko masuke yasipeperuke. Ukiacha kipande cha shina umefanya kazi bure.

Mlio Lodwar na Kibwezi, nitumieni video za nyasi hizi zikiliwa na mbuzi. Ninataka wenzangu wa hapa wazione zikiwa kwao.