Septima Clark na Darasa la Nyuma ya Duka

Ndugu zangu maafisa maendeleo na ustawi wa jamii, na ninyi wanafunzi mliosimama kule nyuma, sogeeni. Viti vipo huku mbele.

Wasifu wa Septima Clark, yule mwalimu mweusi wa Marekani, mmegawiwa mlangoni, kwa hiyo sitausoma. Kuzaliwa Charleston, Carolina Kusini, mwaka 1898, baba aliyezaliwa mtumwa, kufariki 1987, yote yamo. Mimi nina jambo moja: kazi ianze kwa kuwauliza watu wenyewe wanataka nini. Baadhi yenu mmekwisha kunisikia nikilisema, na nitalisema tena kwa kuwa ripoti ninazoletewa bado zinaandikwa vilevile, kwamba wanakijiji "hawajawa tayari". Nataka mkae na kisiwa cha Johns, karibu na Charleston, Januari 1957, na msusi aliyekabidhiwa darasa.

Katika jimbo lile, mtu aliyetaka kuandikishwa kupiga kura alitakiwa asome kipande cha katiba mbele ya karani, au awe na mali yenye thamani ya dola 300. Watu weusi wa kisiwani walikuwa wakulima na vibarua. Mali hawana, shule hawakupata. Sasa kulikuwa na bwana mmoja, Esau Jenkins, mwenye basi la kuwavusha watu kwenda kazini mjini. Njiani akiwakaririsha kile kipande cha katiba. Mama mmoja akakishika chote kwa moyo, neno kwa neno, lakini hakuridhika. Akamwambia Jenkins kwamba anataka kusoma hasa. Kazi yote ninayowasimulia ilianzia kwenye basi lile. Hapakuwa na andiko la mradi wala semina elekezi. Mama amesema shida yake, mwenye basi amemsikia.

Jenkins akalipeleka suala hilo Highlander, shule ya watu wazima milimani Tennessee, ambako Clark alikuwa akiendesha warsha. Wakapata mkopo wa dola 1,500, wakanunua jengo kuukuu la shule. Chumba cha mbele wakakifanya duka la ushirika. Nyuma yake vyumba viwili visivyo na madirisha, ili Mzungu akipita aone sukari na sabuni, asione watu wazima wameshika penseli. Na mauzo ya duka yakalipa mkopo. Nawaomba mlitazame hilo duka kwa makini, maana ndani yake mna ulinzi, mna fedha, na mna sababu ya watu kukusanyika bila kuulizwa.

Bado mwalimu. Clark na Myles Horton, mkuu wa Highlander, hawakumtaka mwalimu wa cheti, waliogopa atawafanya watu wazima watoto. Wakamwendea Bernice Robinson, ndugu yake Clark, mwenye saluni Charleston. Akakataa, akasema hajawahi kufundisha. Wakamjibu kwamba ndiyo sababu wamemfuata. Riziki yake ilitoka kwa wateja weusi, hapakuwa na bosi Mzungu wa kumfukuza. Na mimi naongeza: msusi kazi yake nusu ni mikono, nusu ni masikio.

Usiku wa kwanza alikuja na vitabu alivyoazima shule ya msingi. Akaona ni vya kitoto mno kwa watu waliolima maisha yao yote, akaviweka kando. Akawauliza, mnataka kujifunza nini? Wakasema: kuandika majina yetu, kusoma Biblia, kujaza fomu ya kutuma pesa posta, kusoma yale maneno ya katiba. Basi, mtaala umekwisha kutungwa, na waliotunga ni wanafunzi! Akawa anawaomba wasimulie kazi zao za siku ile, anayaandika maneno yao kama walivyoyasema, kisha wanayasoma. Jina la mtu liliandikwa kwenye kadibodi, naye akapitisha penseli juu yake tena na tena mpaka mkono ukazoea. Na ukutani akabandika Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu, akasema kabla ya kufunga darasa anataka kila mmoja aweze kulisoma. Watu ambao jina lao tu linawatoa jasho! Ninyi mnaoniambia wanakijiji "hawajawa tayari", nawauliza: nani alikuwa tayari pale?

Najua mwingine anasema moyoni, mzee huyu anadharau taaluma. Sidharau. Clark alikuwa na shahada mbili, ya pili ameipata Hampton mwaka 1946. Alifundisha kisiwa kilekile tangu 1916, akiwa na miaka kumi na minane: walimu wawili, watoto 132, mshahara wake dola 35 kwa mwezi. Ng'ambo ya barabara shule ya Wazungu ilikuwa na watoto watatu na mwalimu analipwa dola 85. Huyu alikuwa mwalimu kamili, na ujuzi wake wote aliutumia kumwezesha msusi kusimama mbele. Nani kati yetu, akishapata shahada ya pili, yuko radhi kukaa nyuma ya msusi?

Mwingine atasema ile ni siasa, sisi ni ustawi wa jamii. Jamani! Mtu asiyeweza kumchagua anayegawa fedha za barabara na shule, ustawi wake unaujengea wapi?

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Haya, suala la mwaka 1956 nilipitie haraka. Jimbo lilitunga sheria kwamba mtumishi wa umma asiwe mwanachama wa NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi. Clark hakuficha uanachama wake, akafukuzwa na mafao ya uzeeni yakaenda. Aliwaandikia walimu weusi 726 wapinge pamoja naye. Waliojibu 26. Waliokubali kufuatana naye kwa mkuu wa elimu 11, waliofika siku yenyewe watano. Yeye hakuwalaumu walimu wale. Alisema hakuwa amewaandaa. Mafao alirudishiwa 1976.

Kukamatwa kwake Highlander mwaka 1959, na jinsi madarasa yalivyohamia kwenye shirika la Martin Luther King mwaka 1961 na kuenea Kusini yote ya Marekani, nayaacha. Mkiuliza nitajibu. Ila wale mnaokwenda vituoni wiki ijayo, msitoke kabla hamjaniandikia kwenye karatasi swali moja mtakalowauliza watu siku ya kwanza, kabla ya kufungua begi la vitabu. Karatasi ziko mezani kwa katibu. Haya, nani ana swali?