Mpingo Mikononi mwa Fundi

Mafundi wenzangu, shikamooni wakubwa, na vijana hamjambo.

Tuanze na gogo lenyewe. Ukilikata gogo la mpingo, nje kuna mti mweupe wenye umanjano, ndani kiini cheusi kinachoelekea zambarau. Mali ni kiini. Shida ni kwamba mpingo haunyooki: shina lina mifereji, weupe unapenya hadi ndani, na katikati mara nyingi kuna ufa au uozo. Unalipia gogo zima, unaondoka na vipande vichache vya maana. Ndiyo maana nikisikia mtu kanunua mpingo kwa uzito bila kuupasua, namwonea huruma.

Kwa nini basi tunahangaika nao? Kiini kikavu ni kizito kuliko maji. Kitumbukize kwenye ndoo, kitazama. Kile kilichopakwa dawa ya viatu ili kifanane na mpingo kwa kawaida kitaelea. Kiini cha mpingo kina mafuta yake ya asili, na kikishakauka sawasawa hakichezi ovyo. Mtengeneza klarineti, ile ala ya muziki ya kupuliza, anatafuta hayo hasa. Pumzi ya mpigaji ina unyevu kila siku, na skrubu za vitufe zinafungwa moja kwa moja kwenye mti, zinashika. Kampuni ya Buffet Crampon ya Ufaransa hata unga wa mpingo inauchanganya na nyuzi za kaboni na gundi, ikatengeneza klarineti. Sisi unga huo tunaufagia!

Mchongaji wa Kimakonde ana njia yake. Kinyago cha shetani hakidai mti ulionyooka: tundu linageuka jicho, kipindo kinageuka mgongo. Kwa maoni yangu, hakuna anayelitumia gogo bovu vizuri kuliko yeye.

Kukausha ndiko kunakotushinda. Paka nta kwenye ncha zote mbili mara tu unapokata, weka kivulini penye hewa, kisha subiri, na kwa vipande vinene ni miaka. Ukianika juani, ufa unaanzia nchani na kupita katikati.

Wa kusafirisha nje, kumbukeni Dalbergia zote, yaani jamii ya miti ambamo mpingo umo, ziko chini ya vibali vya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, tangu 2017, ingawa ala za muziki zilizokamilika zililegezewa 2019. Misitu ya vijiji Kilwa ilipata cheti cha FSC, cha misitu inayotunzwa vizuri, mwaka 2009. Ulizieni magogo ya huko.

La mwisho ni gundi: mafuta yanaikataa, kwa hiyo futa kwa asetoni kabla ya kuunganisha. Na vaeni barakoa, vumbi lake linawasha ngozi na kifua. Haya, maswali.