Mgonjwa wa kansa anapotelea katikati ya hospitali mbili

Jamani habari za saa hizi, asanteni kwa kuja. Nimeombwa niongelee mpango wa huduma za kansa kwa kanda nzima, na najua wengi mnategemea nianze na mashine, ya mionzi ikae wapi, PET skani, ile ya kupiga picha za kansa mwilini, ikae wapi, nani apewe jengo. Tutafika huko, ila mi naanza na kichupa.

Kichupa chenyewe ni kile cha kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe kinachokatwa kikapimwe. Mama kakutwa na uvimbe kwenye titi, daktari wa hospitali ndogo kakata kinyama vizuri kabisa, kakitia kwenye fomalini, ile dawa ya kukihifadhi kisioze, kikapelekwa maabara ya hospitali kubwa. Nilikuja kukishika mwenyewe mkononi wiki tatu baadaye, kimekaa tu dirishani pale mapokezi ya maabara, maana lebo imeandikwa "titi" basi, la kulia au la kushoto haijulikani, na fomu haina namba ya simu ya aliyekituma. Maabara walikataa kukipokea na walikuwa sahihi. Huku hospitali ndogo wanasubiri majibu, mama naye yuko nyumbani anasubiri kupigiwa, yaani kila mtu kafanya kazi yake na hamna kilichofanyika. Na kinyama kinatakiwa kikae kwenye fomalini saa 6 hadi 72, kikizidi sana hapo vile vipimo vya homoni na HER2, protini ya kwenye seli za kansa, ambavyo ndo vinaamua mama apewe dawa gani, haviaminiki tena. Ikabidi tumwite akatwe upya. Tangu siku ile nikisikia mtu anasema mpango wa kanda, mi naona kile kichupa.

Na wiki zina uzito jamani. Kuna uchambuzi ulitoka kwenye jarida la BMJ mwaka 2020, ulikusanya tafiti nyingi za kansa za aina mbalimbali, ukakuta kila wiki 4 upasuaji unapocheleweshwa hatari ya kifo inapanda kwa asilimia 6 hadi 8. Shirika la Afya Duniani nalo kwa kansa ya matiti linataka uchunguzi wote ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike mara ya kwanza. Sasa zile wiki tatu za dirishani zihesabu hapo.

Kule Uingereza mwaka 1995 ilitoka ripoti ya Calman na Hine, ikasema huduma zipangwe ngazi tatu, daktari wa karibu na nyumbani, hospitali za kati zinazotibu kansa za kawaida, halafu vituo vikubwa vyenye mionzi na kansa adimu, na zote zifanye kazi kama mtandao mmoja. Sehemu nyingi duniani tumekopi zile ngazi, mtandao tukausahau, na kwangu mtandao ndo ulikuwa ripoti yenyewe.

Haya, mashine. Kuna vitu lazima vikusanywe sehemu moja, upasuaji wa kongosho na wa umio kwa mfano, hospitali inayofanya mingi wagonjwa wake wanakufa wachache zaidi kuliko inayofanya miwili mitatu kwa mwaka, hapo tusioneane aibu. Mionzi pia. Ila mionzi ina saa yake, kansa ya mlango wa kizazi matibabu yote yaishe ndani ya wiki 8, ukivuta zaidi ya hapo uwezo wa kuidhibiti unapungua siku hadi siku. Kwa hiyo kituo chenye mashine moja tu, ikiharibika wiki mbili, wagonjwa wote walioko katikati ya dozi wanaumia, mpango mzuri unaandika mapema kabisa wanahamishiwa kituo gani, faili zao zinasomeka na mashine za kule, na watalala wapi. Kemo nyingi za kawaida na mofini ya maumivu zirudi karibu na mgonjwa, sioni sababu mtu asafiri mbali kufuata mofini.

Sisi tulianza na vitu vidogo. Fomu moja ya rufaa kwa hospitali zote, kikao cha kila wiki kwa video ambapo daktari wa hospitali ndogo anamleta mgonjwa wake mwenyewe mbele ya wapasuaji, watu wa mionzi na patholojia, yaani wale wanaopima vinyama, na kila mgonjwa ana mratibu mmoja mwenye jina na simu. Halafu kwenye daftari tukaongeza safu moja, jina la aliyepokea upande wa pili. Siyo aliyetuma, aliyepokea. Mwanzoni watu walinuna, waliona tunawapeleleza, nikawaeleza habari ya kichupa wakaelewa. Siku hizi safu ikiwa wazi mpaka saa kumi jioni mratibu anapiga simu palepale, na haondoki mpaka kuna jina.