Afrobeat na Afrobeats si kitu kimoja: njooni niwaonyeshe kwa kibuyu hiki

Habari zenu ndugu zangu. Wa Tabora, wa Dar, wa Mombasa, wa Bujumbura, na nyie dada zangu mnaonitazama kutoka Muscat mkishamaliza kazi. Wakubwa shikamooni, wadogo zangu mambo vipi. Leo sitembei mtaani. Nipo jikoni kwangu hapa Peckham, kusini mwa London, mvua inanyesha, chai ipo mezani, na hiki nilichoshika najua wengi mtasema ni manyanga.

Hamjakosea sana. Ni kibuyu kikavu kilichovishwa wavu wa nyuzi, na kwenye wavu zimetungwa shanga. Manyanga yetu punje zinakaa ndani, hiki zinakaa nje. Wayoruba wa Nigeria wanakiita shekere. Sikilizeni. Ukikipiga kitako kwa kiganja kinatoa mlio mzito kama ngoma ndogo. Ukiuvuta wavu, mchakacho. Basi, kazi yake ni hiyo.

Nimekileta mezani kwa sababu wiki iliyopita niliwaambia nimejiunga na bendi ya mtaani inayopiga Afrobeat, na simu yangu ikajaa. "Kaka, kumbe siku hizi unapiga ngoma za Burna Boy?" "Tupigie ya Davido basi." Nikasema hapana, hili tukae tulizungumze, maana ni muziki ninaoupenda na naumia ukichanganywa.

Afrobeat, bila herufi "s" mwishoni, ni muziki wa Fela Anikulapo Kuti, mwanamuziki wa Nigeria, na mpiga dramu wake, Tony Allen. Ulipata umbo lake Lagos mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970. Afrobeats, yenye "s", ni jina la jumla la pop ya Nigeria na Ghana ya karne hii, na jina lenyewe lilipata nguvu hapahapa Uingereza, kwenye redio na kumbi za disko. Herufi ni moja, lakini katikati pana miaka kama arobaini. Mtoto anaweza kufanana na baba yake mpaka sauti, ila huwezi kumwita baba kwa jina la mtoto.

Fela alifika mji huu mwaka 1958, kijana wa miaka kama ishirini kutoka Abeokuta. Nyumbani walijua amekuja kusomea udaktari. Ndugu zake wawili wa kiume waliishia kuwa madaktari. Yeye akaenda kujiandikisha Trinity College of Music, akashika tarumbeta. Enzi hizo chuo kilikuwa Mandeville Place, kule Marylebone. Niliwahi kushuka pale siku ya mapumziko nikasimama upande wa pili wa barabara, nikamuwaza kijana yule na baridi hii, anaandika barua nyumbani, anatafuta maneno ya kuwaambia kwamba udaktari haupo tena. Sisi wa huku barua ya namna hiyo tunaijua.

Alirudi Nigeria na bendi yake, Koola Lobitos, wakipiga jazi iliyochanganywa na highlife, muziki wa dansi wa Afrika Magharibi. Muziki mzuri, lakini wa starehe tu. Mwaka 1969 wakaenda Marekani, na kule Los Angeles akakutana na dada mmoja, Sandra Smith, ambaye baadaye tulimjua kama Sandra Izsadore, aliyekuwa karibu na Black Panther, harakati za kudai haki za Wamarekani weusi. Sandra ameshaeleza mwenyewe jinsi alivyomuuliza Fela wimbo wake unazungumzia nini. Fela akamjibu: supu. Dada wa watu alishangaa. Una midomo yote hii, watu wanakusikiliza, unawaimbia supu? Akampa vitabu, akamsomesha habari za Malcolm X. Fela aliporudi Lagos alikuwa mtu mwingine, na muziki ukabadilika. Mimi naielewa sana habari hiyo. Kuna mambo ya kwenu huyaoni mpaka ukae ugenini na mtu baki akuulize.

Sasa nifike kwenye muziki wenyewe, maana hapa ndipo ninapotaka mnisikilize. Mnaijua chemko? Wazee wa dansi mnaijua. Wimbo unaanza taratibu, beti zinaimbwa, kisa kinaelezwa, halafu panafika mahali waimbaji wanarudi nyuma, magitaa yanasukana, tumba zinapanda, ukumbi mzima unasimama. Hiyo ndiyo chemko. Ukitaka kuielewa Afrobeat, chukua wimbo wa dansi ukaupindue: chemko inatangulia, beti zinafuata. Fela anaweza kukuweka dakika saba, nane, ala zinakwenda tu. Gitaa moja linarudia noti nne bila kuchoka. Gitaa la pili linajibu. Besi inazunguka palepale. Vijiti, tumba, shekere. Halafu saksafoni na tarumbeta zinaingia zote kwa pamoja kama ukuta. Wewe umeshasahau kwamba kuna mtu atakuja kuimba, ndipo anakuja.

Nilimpelekea baba yangu wimbo mmoja wa dakika kumi na mbili kwa WhatsApp. Baba ni mtu wa Tabora Jazz, ujana wake wote umeishia kwenye dansi. Akanipigia katikati ya wimbo. "Mwanangu, huyu bwana mbona haimbi?" Nikamwambia, vuta subira, baba. Akakata. Baada ya robo saa akapiga tena. "Nimemwelewa. Anasubiri watu wakae kwanza." Nimesoma mengi kuhusu Fela, lakini sijakutana na maelezo yanayoshinda hayo.

Sasa Tony Allen. Hapa chini yangu anaishi mzee wa Abeokuta, amestaafu udereva wa basi, na ujana wake alikuwa akienda Afrika Shrine, ukumbi wa Fela kule Lagos. Yeye ndiye aliyenitia kwenye haya mambo. Jioni moja alikuja kuomba chumvi, akanikuta nasikiliza, akavuta kiti. Akachukua vijiko viwili. Mkono wa kulia akawa anagonga ukingo wa sahani, haraka na kwa wepesi. Mkono wa kushoto anagonga meza, lakini si pale unapotegemea, anachelewa kidogo, anaruka, anarudi. Mguu mmoja sakafuni mara mbili, kimya, mara moja. Mguu wa pili kisigino kinapanda na kushuka kivyake kabisa. Viungo vinne, kila kimoja kina hadithi yake, na hakuna kinachomkanyaga mwenzake. Akapiga hivyo kama dakika tatu, chumvi imekaa pembeni, jasho linamtoka. Akasema, "Tony alikuwa anafanya hivi usiku kucha, mpaka asubuhi, bila kuongeza sauti."

Bila kuongeza sauti. Hapo ndipo penye utamu wake. Alijifunza kwa kumsikiliza Max Roach na wapiga jazi wengine, akachanganya na midundo ya Kiyoruba, na akawa analiimbisha lile sahani la dramu la kufungua na kufunga kwa mguu, ambalo wenzake wengi Lagos walikuwa hawalitumii hivyo. Fela mwenyewe alikiri kwamba bila Tony Allen pasingekuwa na Afrobeat. Tony aliondoka kwenye bendi mwaka 1979, akaja kuishi Paris, akapiga na Damon Albarn, mwanamuziki wa Uingereza, na wengine wengi, akarekodi na Hugh Masekela. Alifariki Paris tarehe 30 Aprili 2020, wakati ule dunia nzima imefungiwa ndani. Mzee wa chini alifungua dirisha siku hiyo akapiga muziki mpaka giza likaingia. Hakuna jirani aliyelalamika.

Kuhusu siasa za Fela nitasema kwa kifupi kwa sababu wengi mmeshasikia. Mwaka 1976 alitoa wimbo wa kuwafananisha askari na mizuka inayotembea kwa amri, "Zombie". Tarehe 18 Februari 1977 wanajeshi kama elfu moja wakavamia makazi yake, Kalakuta. Waliteketeza nyumba, waliwapiga watu, na mama yake mzazi, Funmilayo Ransome-Kuti, yule mama aliyewaongoza wanawake wa Abeokuta kupinga kodi ya wakoloni, alitupwa dirishani. Alifariki mwaka uliofuata. Uchunguzi wa serikali ukasema aliyefanya hayo ni askari asiyejulikana. Fela akalibeba jeneza mpaka kwenye lango la Dodan Barracks, makao ya mkuu wa nchi. Kila nikiisikia saksafoni ya zile nyimbo za baada ya hapo, namsikia mtoto aliyefiwa kabla sijamsikia mwanaharakati.

Lakini nisiwafiche. Fela hakuwa malaika, na mashabiki wake tukimgeuza malaika tunamkosea hata yeye. Mtoto wa mama yule aliimba nyimbo za kuwabeza wanawake wanaodai usawa. Na Ukimwi alikuwa haukubali, kondomu alizipinga hadharani. Alipofariki tarehe 2 Agosti 1997, kaka yake, Profesa Olikoye, daktari aliyewahi kuwa waziri wa afya, alisimama mbele ya waandishi akasema wazi kwamba ni Ukimwi. Wakati ule Nigeria ilikuwa nadra mtu kulisema hilo kuhusu mtu wa familia yake, sembuse mtu maarufu kiasi kile. Kwangu mimi lile ni tendo la ujasiri sawa na wimbo wowote wa Fela. Nikifika hapo huwa namkumbuka Dakta Remmy Ongala wetu, aliyeimba "Mambo kwa Soksi" kuwahimiza watu watumie kondomu, Radio Tanzania ikakataa kuupiga. Mtetezi wa wanyonge wa Dar aliliona jambo ambalo mwenzake wa Lagos hakutaka kuliona. Hilo nalisema kwa fahari kabisa.

Sasa muziki umeishia wapi? Haujaishia. Femi, mwana wa Fela, aliendelea na bendi yake. Seun alikabidhiwa Egypt 80, bendi ya baba, akiwa na miaka 14 tu. Made, mjukuu, naye yupo jukwaani. New Afrika Shrine ilifunguliwa Ikeja mwaka 2000, na kila Oktoba, mwezi aliozaliwa Fela, kuna Felabration iliyoanzishwa na binti yake Yeni. Kule Brooklyn, Antibalas wamekuwa wakipiga Afrobeat tangu 1998, na wengi wao ni Wamarekani. Maisha ya Fela yalipanda jukwaa la Broadway mwaka 2009. Na nyie wapenzi wa Burna Boy, jueni kwamba babu yake, Benson Idonije, ndiye aliyekuwa meneja wa kwanza wa Fela. Kwa hiyo anapochukua kipande cha "Sorrow Tears and Blood" akakiweka ndani ya "Ye", anachukua kitu cha nyumbani kwao. Vijana wa Nigeria walipoingia barabarani Oktoba 2020 kupinga ukatili wa kikosi cha polisi kilichoitwa SARS, waliziimba nyimbo zilizotungwa kabla hawajazaliwa.

Haya yote ni sahihi na nayaheshimu. Ila mimi ushawishi wa Afrobeat nimeuona kwa karibu zaidi Jumatano usiku, kwenye ukumbi mdogo wa kukodi, hatua chache kutoka Rye Lane. Tupo kumi na wanne. Kuna muuguzi wa Ghana, fundi bomba wa Jamaika, mwalimu wa Kiingereza mwenye saksafoni kubwa kuliko yeye, vijana wawili waliozaliwa hapa wazazi wao Lagos. Siku ya kwanza nilipewa kibuyu hiki, nikaonyeshwa mdundo mmoja. Mmoja tu. Nikajua nitabadilisha mbele ya safari. Dakika ya nne nikaongeza mbwembwe zangu za Kitabora. Kiongozi wetu wa bendi, mama wa makamo anayepiga tumba, akanitazama, akatikisa kichwa taratibu. Nikarudi. Dakika ya nane bega likaanza kuwaka moto. Dakika ya kumi na moja nilitaka kukiweka chini. Dakika ya kumi na tano hivi, bega likanyamaza, na nikaanza kusikia gitaa la pili linafanya nini. Lilikuwepo muda wote ule. Lilikuwa linajibu mchakacho wangu, na kama ningebadilisha tena lingekosa wa kumjibu.

Nilirudi nyumbani nikampigia baba usiku uleule, kwake ilikuwa inakaribia alfajiri. Nikamweleza. Akacheka sana. Akaniambia zamani mpiga manyanga ndiye aliyekuwa akilipwa kidogo kuliko wote, na asipofika, dansi haliendi. Kisha akanyamaza kidogo, akasema, "Sasa niwekee simu karibu, nisikie."

Wimbo wa Fela siwezi kuuweka hapa, video itafungiwa kwa hakimiliki. Tafuteni mmoja wenyewe, mkae nao mpaka mwisho, msiusogeze mbele kwa kidole. Mimi nitawapigia sehemu yangu peke yake, kama nilivyompigia baba. Mwenye tumba nyumbani aniongezee, mwenye meza na vijiko ajaribu mkono wa kushoto wa Tony. Ngoja nisogeze chai.

Haya. Moja, mbili, tatu...