Pedi ya matone, pedi ya usiku: kuchagua pedi za kufua

NEEMA: Haya, karibuni tena. Mimi ni Neema, nesi wa wodi ya wazazi, na leo nimekuja kurekodia Tanga, kwenye kibaraza cha mwenyeji mwenzangu.

MWANAIDI: Mwanaidi, fundi cherehani. Mashine nimezima, kwa hiyo mkisikia ngurumo ni bodaboda.

NEEMA: Dada Mwanaidi, swali tunalotumiwa sana ni moja. Mtu kanunua pedi za kitambaa, zimevuja mara mbili, kazisukumia chini ya kabati. Anataka kujua kama kweli hivi vitu vinafanya kazi.

MWANAIDI: Na ukimuuliza alichukua zipi, atakujibu, "Nilichukua zile nene." Wote wanachukua nene! Mimi kabla sijasema lolote nauliza, inavuja wapi?

NEEMA: Kwani si kuvuja ni kuvuja?

MWANAIDI: Hapana, mdogo wangu. Pedi ukiivua ukakuta imelowa yote, mpaka chini, hapo imezidiwa, unahitaji inayobeba zaidi. Lakini ukikuta katikati pakavu na ukingoni pamelowa, hiyo haijazidiwa. Imekaa vibaya. Ama chupi imelegea, ama pedi ni pana mno kwenye mapaja ikajikunja, ama kifungo cha mabawa, yale masikio ya pembeni yanayokunjwa chini ya chupi, kimewekwa mbali ikawa inazunguka. Huyo ukimpa nene zaidi umemzidishia taabu, maana nene ndiyo inayojikunja. Na yule anayechafua shuka kwa nyuma, shida yake ni urefu.

NEEMA: Urefu kiasi gani? Maana madukani unakuta imeandikwa ndogo, kati, kubwa, na kubwa ya huyu siyo kubwa ya yule.

MWANAIDI: Shika rula. Mimi nakata ya matone sentimita 18 mpaka 20. Ya siku za kawaida 23 mpaka 25. Siku nzito 28 mpaka 30. Ya usiku 33 kwenda juu, na nyuma naipanua, kwa sababu ukilala chali damu inafuata mtelemko. Mwenye mwili mkubwa namuongezea. Ila upana wa katikati, pale panapokaa kati ya mapaja, siongezi hovyo.

NEEMA: Ngoja na mimi niseme la hospitali hapo. Watu wanadhani wanapoteza damu nyingi kuliko ilivyo. Kwa hedhi nzima, wengi hupoteza kama mililita 30 hadi 40. Hivyo ni vijiko vya chai sita mpaka nane. Kitabibu tunaita hedhi nzito ikivuka mililita 80. Sasa nyumbani hakuna anayepima, ndiyo maana tunauliza unabadilisha kila baada ya muda gani. Na sehemu kubwa ya damu hiyo inatoka siku mbili tatu za mwanzo. Mwishoni ni matone.

MWANAIDI: Ndiyo sababu nagombana na zile pakiti zenye pedi nne zote saizi moja. Ikifika tarehe 28 Mei, Siku ya Hedhi Duniani, wasichana shuleni wanagawiwa, na ni jambo zuri, sisemi. Lakini binti unampa nne za kati. Siku ya pili zinamwaibisha darasani, siku ya tano zinamchemsha bure. Mpe mbili ndefu, mbili za kati na mbili nyembamba, atakushukuru.

NEEMA: Halafu kuna jambo ambalo wauzaji hawaulizi kabisa. Uzazi wa mpango. Mtu aliyewekewa kitanzi cha shaba, hedhi yake inaweza kuwa nzito na ndefu, hasa miezi ya mwanzo. Aliyeweka vijiti anaweza kupata matone yasiyo na ratiba, leo yapo, kesho hayapo. Wa sindano anaweza kukaa bila kuona kitu, kisha siku moja aone matone. Hawa watatu hawawezi kununua pakiti moja.

MWANAIDI: Wa vijiti nakumbuka wateja wangu. Huyo ukimshonea nene umemuonea, anaivaa siku nyingi kwa ajili ya matone mawili. Mpe nyembamba nyingi, tabaka mbili tu za flaneli, hata haisikii.

NEEMA: Twende kwenye vitambaa basi. Ndani mnaweka nini?

MWANAIDI: Inategemea mfuko. Juu, panapogusa ngozi, pamba au flaneli. Kitenge siyo lazima, na vingi siku hizi ni poliesta, maji yanateleza juu yake. Kimwagie tone la maji, likikaa kama shanga, kiache. Katikati ndiyo kunakonyonya: flaneli tabaka mbili kwa matone, nne kwa kawaida, sita mpaka nane kwa siku nzito. Kitambaa cha taulo tabaka moja unahesabu kama flaneli mbili. Chini unaweka kisichopitisha maji.

NEEMA: Kile maalumu chenye utando wa plastiki kwa nyuma?

MWANAIDI: Ndicho kizuri, kinapitisha hewa kidogo na hakipigi kelele ukitembea. Ukikikosa, mafundi wengi tunatumia kitambaa cha mwavuli. Kinasaidia, ila kinateleza kwenye chupi, kwa hiyo kifungo cha mabawa lazima kikaze. Mpira ule wa kitanda cha mtoto usiweke. Joto la Tanga hili, utaota vipele.

NEEMA: Na vile vitambaa vya kufutia magari, vya nyuzi laini sana? Nimeona mafundi wanavisifu.

MWANAIDI: Vinabeba sana, na vinakauka haraka. Lakini vikikandamizwa vinarudisha. Unakaa kwenye daladala kimejaa damu, ukiinama tu, inatoka. Kama utakiweka, kiwe juu, na chini yake pamba ipokee kinachokamuliwa. Na kisiguse ngozi.

NEEMA: Nimeelewa. Mtu aliyeshanunua anajuaje yake inabeba kiasi gani?

MWANAIDI: Kwanza aifue. Pamba mpya ina mafuta yake na dawa za kiwandani, hainyonyi vizuri mpaka ifuliwe mara kadhaa. Wengi wanaovujiwa mara ya kwanza wameitoa kwenye pakiti wakaivaa. Ikishakauka, achukue kile kikombe kidogo cha dawa ya mtoto, amimine mililita 10 za maji katikati taratibu, asubiri kidogo, aweke karatasi ya chooni juu aikandamize kwa ngumi. Halafu aongeze 10 nyingine. Akiona karatasi inalowa chapa, au chini panatokea unyevu, amefika mwisho wa pedi ile.

NEEMA: Damu ni nzito kuliko maji, kwa hiyo ni kipimo cha kukisia.

MWANAIDI: Cha kukisia, lakini ukizilinganisha pedi mbili utajua ipi ni ya usiku. Na usitie ile dawa ya kulainisha nguo. Inapaka nyuzi, zinakataa maji.

NEEMA: Kufua tumeshaongea kipindi kingine: maji baridi kwanza, ya moto yanagandisha doa. Jiki usitie, inakula ule utando wa chini. Mimi ninachotaka kukuuliza ni kukausha, maana hapo ndipo ninapoona watu wanaumia.

MWANAIDI: Hapo ndipo pedi nene inapokuponza! Tabaka nane zimeshonwa pamoja, wakati wa masika, zinakaa siku mbili bado katikati kuna unyevunyevu. Na nyumba zetu za kupanga, kamba ni moja, wapangaji sita, baba mwenye nyumba anapita. Dada anaanika pedi anazifunika na khanga. Jua litaingilia wapi?

NEEMA: Halafu anaivaa mbichi. Inawasha, inanuka, anakuja kliniki anadhani kaambukizwa ugonjwa.

MWANAIDI: Kwa hiyo mteja akisema anataka ya siku nzito, namuuliza anaanika wapi. Kama ni kamba ya wote, sishoni nene moja. Nashona mfuko mwembamba wenye kitambaa kisichopitisha maji chini, na vipande viwili vya taulo vya kuingiza ndani. Usiku anatia vyote viwili. Mchana kimoja. Siku ya mwisho mfuko mtupu. Akifua anavitoa, anavitandaza, kila kimoja ni kipande cha taulo tu kwenye kamba, hakuna atakayejua. Na kile cha ndani unaweza kukipiga pasi. Mfuko usipige, utando utayeyuka.

NEEMA: Hiyo moja inatosha siku zote tano.

MWANAIDI: Siyo moja! Mifuko mitano, vipande vya ndani nane mpaka kumi. Kiangazi vitamrudia jioni ileile, masika atakuwa na akiba.

NEEMA: Bei sasa. Msikilizaji atasema ni hela nyingi kwa mkupuo.

MWANAIDI: Ni kweli, ni nyingi. Anunue kidogo kidogo. Aanze na mbili za usiku, kwa sababu huko ndiko pedi ya dukani ya kutupa inakokula hela, mtu anavaa mbili mbili. Mchana aendelee na za dukani mpaka akusanye. Tusisubiri bei ya dukani ishuke. Mwaka 2018 serikali ilifuta kodi ya VAT kwenye taulo za kike, 2019 ikairudisha ikisema mnunuzi hakuona nafuu.

NEEMA: Kuna ujumbe mmoja hapa, wa mama mjamzito, anauliza kama atumie za kitambaa akijifungua.

MWANAIDI: Huyo ni wako.

NEEMA: Anaweza, zikiwa safi na zimekauka kabisa. Zile za sentimita 33 na zaidi. Damu ya uzazi inaweza kuendelea mpaka wiki sita, inapungua taratibu, kwa hiyo aandae nene za siku za mwanzo na za kati nyingi za baadaye. Kama ana mshono, kilichogusa mshono kiwe laini, abadilishe mapema. Lakini mama, pedi ndefu ikilowa yote ndani ya saa moja baada ya kujifungua, usibadilishe ukalala. Nenda hospitali wakati huo huo.

MWANAIDI: Na kwa asiyejifungua?

NEEMA: Anayelowesha pedi nzima kila saa, saa kadhaa mfululizo, naye aende. Anayebadilisha kila saa moja au mbili kila mwezi, anayetoa mabonge makubwa kuliko sarafu, au anayepitisha siku saba, apange kwenda kliniki. Inaweza kuwa uvimbe kwenye kizazi, inaweza kuwa kitanzi, inaweza kuwa homoni. Apimwe na wingi wa damu, maana wengi wanatembea na upungufu wa damu wanadhani ni uchovu wa kazi. Usije kwa Dada Mwanaidi kuomba tabaka kumi.

MWANAIDI: Wamekuja! Nikishona tabaka nane mtu akasema bado, namuelekeza kwako. Sina tabaka la tisa.

NEEMA: Basi wiki ijayo tutakuwa na kikombe cha hedhi, na Dada Mwanaidi ameshaapa hatakigusa.

MWANAIDI: Nitakiangalia kwa mbali. Washa feni, tumeiva humu.