Makazi ya Wazee Yapimwe Usiku

(Mhadhara wa muuguzi mstaafu kwa wanafunzi wa uuguzi na ustawi wa jamii, Dodoma)

Mbukwenyi, ndugu zangu. Wenye umri wa kuamkiwa, shikamooni. Wanangu, habari za mchana.

Nimeombwa nizungumzie matunzo na usalama katika makazi ya wazee. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilituambia mzee ni mtu wa miaka 60 na kuendelea, na kwamba kwanza atunzwe na familia yake. Makazi ni ya yule aliyekosa wa kumtunza. Huku kanda ya kati mnayajua ya Hombolo, hapa hapa Dodoma, na ya Sukamahela kule Manyoni. Sikuja kuwapa maksi wenye makazi. Nimekuja kuwaambia saa ya kwenda kuyakagua.

Sisi huwa tunakwenda mchana. Ikifika tarehe 1 Oktoba, Siku ya Wazee Duniani, tunabeba mchele, sabuni na mafuta ya kula, tunapiga picha, magharibi haijaingia tumeshaondoka. Sasa nani asiyedeki akijua wageni wanakuja? (Kicheko.) Nendeni saa 8 usiku. Ulizeni ni nani aliye macho. Mkiambiwa ni mlinzi wa getini tu, basi hapo wazee wanalala, hawatunzwi.

Chukueni chakula cha jioni. Mpishi naye ana watoto nyumbani, anapakua saa 11 jioni ili awahi daladala. Uji wa asubuhi unafika saa 2. Hesabuni: saa 15 bila kitu tumboni. Katikati hapo yupo bibi mwenye kisukari aliyemeza jioni glibenklamaidi, dawa yake ya kushusha sukari. Dawa ile hufanya kazi kwa muda mrefu, na figo za mtu mzima huchelewa kuitoa mwilini. Alfajiri sukari inashuka, bibi anatoka jasho, anaongea maneno yasiyoeleweka. Asiye na mafunzo atasema bibi amechanganyikiwa, uzee huo. Mwingine atataja uchawi. Alichohitaji ni sukari kwenye maji, haraka, kama bado anaweza kumeza, na mtu wa kumpima. Kikombe cha uji saa 3 usiku, na daktari kuiangalia upya ile dawa, vingemwepusha na hayo yote.

Au huyu babu wa presha. Anapewa dawa ya kukojoza jioni kwa sababu ndiyo saa ambayo mgawa dawa ana nafasi. Saa 7 usiku anaamka mara ya tatu, taa hakuna, choo kiko nje, kandambili zimelika soli. Anaanguka, nyonga inavunjika. Kwenye kitabu cha ripoti inaandikwa "ameteleza". Mimi nasema hakuteleza. Tulimwangusha sisi saa 12 jioni. Dawa hiyo ipewe asubuhi, labda daktari aamue vingine kwa sababu maalumu. Pembeni ya kitanda pawe na kopo la haja ndogo, na taa ndogo ya sola iwake hadi kuche. Na msihamishe vitanda ovyo. Wazee wetu wa Kongwa na jirani zake wengi macho yameharibiwa na ugonjwa wa vikope, yaani trakoma; asiyeona hutembea kwa kukumbuka, ukisogeza kiti umemwekea mtego.

Asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, usiku pia. Kidonda cha mgandamizo hakimsubiri mhudumu wa asubuhi. Vitabu vingi vitawaambia mtafute wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo tumieni mkono: gusa kisigino, nyonga, juu ya makalio, papo joto kuliko pembeni? Pagumu? Panauma? Kidonda kimeanza chini kwa chini. Kwa wale walioumwa ukoma zamani, miguu iangaliwe kila siku, maana ganzi haimwambii mtu kwamba amekanyaga kaa la moto.

Nimetaja kaa la moto. Mnajua Juni na Julai hapa usiku unavyouma na upepo wake. Mtu kwa huruma anaingiza jiko la mkaa chumbani, anafunga dirisha. Hewa yake haina harufu na huua watu wakiwa usingizini. Blanketi la pili na soksi ni nafuu kuliko mkaa wa mwezi.

Halafu kufuli. Kuna mahali mlango hufungwa kwa nje ili mzee mwenye kusahausahau asitoke akapotea porini. Hofu hiyo naielewa, lakini godoro la sponji likishika moto, mwenye ufunguo ataamshwa na nani? Fungeni geti, acheni mlango wa chumba, wekeni mtu.

Wekeni mtu! Hapo ndipo wakubwa wananikunjia uso, maana mtu analipwa, na bajeti hupenda majengo. Jengo huzinduliwa kwa utepe. Zamu ya usiku haizinduliwi na mtu. Mkitumwa kukagua, msianze na kuta. Ombeni kitabu cha ripoti, someni kurasa za usiku. Mkikuta kila usiku "wazee wamelala vizuri", mwandiko mmoja, wino mmoja, mjue kimeandikwa kwa mkupuo. Penye mtu macho mtakuta fulani amekunywa maji saa ngapi, fulani amegeuzwa ubavu gani, fulani ameanguka na nani ameitwa. Na aliyeandika kwamba mzee ameanguka asikaripiwe, la sivyo mwezi ujao hamtasoma anguko lolote, na wazee watakuwa wanaanguka vile vile.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Leteni maswali.