Kusokota kioo, kusokota mwanga

Asanteni. Niingie moja kwa moja. Tuseme una faiba ya kioo, ile ya mawasiliano. Unaipasha moto kwa leza mpaka ilainike, unaisokota, inapoa. Je, mwanga ukipita humo utatoka umesokotwa?

Kwa faiba ya kawaida, hapana. Kiini chake, yaani sehemu ya ndani inayoongoza mwanga, ni duara na kiko katikati kabisa; ukikizungusha kinabaki kilekile, mwanga hauoni tofauti ya maana. Lakini kisogeze kiini kando kidogo kabla ya kusokota, nacho kitazunguka mhimili wa faiba kama hesi ya parafujo. Hapo mambo hubadilika.

Mwanga uliosokotwa ni upi? Katika mwale wa kawaida wa leza, nyuso za mawimbi ni bapa, zinafuatana. Katika mwanga uliosokotwa, uso wa wimbi unapanda kwa kuzunguka mhimili, bila kukatika. Pale katikati mawimbi ya kila awamu, mengine yakiwa juu na mengine chini, hukutana na kufutana, kwa hiyo ukutani utaona pete yenye giza ndani. Mwaka 1992, Les Allen na wenzake wa Leiden, Uholanzi, walionyesha kwamba kila fotoni ya mwale huo hubeba momenta ya mzunguko, yaani kiasi cha mwendo wa kuzunguka. Si urembo tu, basi: mwale huo unaweza kuzungusha chembe ndogo.

Sasa hesabu, na ni hesabu ninayoipenda. Mwanga ulio katika kiini na ule ulio katika ganda, kioo kinachokizunguka kiini, havisafiri kwa mwendo mmoja. Hesi huuhamisha mwanga kutoka kiini kwenda ganda pale tu urefu wa wimbi unapolingana na hatua ya hesi, yaani urefu wa mzunguko wake mmoja, mara tofauti ya vipeo vya mpindo vya mwanga wa kiini na wa ganda, namba zinazoonyesha kila mmoja unavyocheleweshwa na kioo. Chukua tofauti ya 0.003 na wimbi la nanomita 1,550: hatua inakuwa karibu nusu milimita. Rangi nyingine hupita zake. Mwanga uliohamia gandani ndio uliosokotwa; hesi ya kulia na ya kushoto hutoa misokoto iliyo kinyume.

Mwaka 2012 kundi la Philip Russell, Erlangen, Ujerumani, lilisokota faiba yenye matundu membamba kando ya kiini, likaona mawimbi fulani yakipotea kwenye kiini kwa sababu mwanga wake umelazimishwa kuzunguka gandani.

Mwaka uliofuata watafiti wa Boston walipitisha terabiti 1.6 kwa sekunde katika kilomita 1.1 kwa miale ya aina hii. Msichanganye, tafadhali: faiba ile haikusokotwa, ilitengenezwa kwa muundo wa pete ili kuisafirisha miale. Kuzalisha ni kazi moja, kusafirisha ni nyingine. Mwanga wa gandani hugusa uso wa nje wa kioo. Tone la maji tu linauvuruga. Kwa mawasiliano hiyo ni kero, ndiyo maana sehemu iliyosokotwa hufanywa fupi. Kwa anayetaka kupima msokoto wa mhimili wa mashine, hesi yenyewe ndiyo kipimo chake: ukikaza hesi, rangi inayohama husogea upande mmoja, ukiilegeza, husogea upande wa pili.